Notisi iliyokwenda nyumba aliyohama: uchambuzi wa kisa cha mwendokasi nchini Uingereza

Usuli

Kisa hiki kinamhusu mwanamke wa makamo kutoka Tanzania ambaye hapa ataitwa Bi M. Anaishi katika mji mmoja wa katikati ya England na anafanya kazi ya kea, yaani kuwahudumia wazee majumbani mwao, kazi isiyowezekana bila gari kwa sababu mgonjwa wa kwanza anamsubiri kabla mabasi hayajaanza kutembea. Jina la mji, tarehe na maelezo ya mwajiri yameondolewa. Hesabu za siku zimeachwa kama zilivyokuwa, kwa kuwa kisa chenyewe ni cha hesabu za siku. Mwandishi si wakili; alikuwa mmoja wa watu walioketi na Bi M. kuzisoma barua na kupanga majibu.

Mambo mawili ya nyuma yanahitajika ili yaliyofuata yaeleweke. La kwanza ni kwamba Bi M. aliendesha gari Dar es Salaam kwa miaka 15, lakini leseni ya Tanzania humruhusu mkazi mpya wa Uingereza kuendesha kwa miezi 12 tu, na Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani. Alianza upya kama mwanafunzi, akafaulu mtihani wa barabarani, na kuanzia siku hiyo sheria ikamhesabu kuwa dereva mpya. Chini ya Sheria ya Madereva Wapya ya 1995, dereva anayefikisha pointi 6 za adhabu, zinazoandikwa kwenye kumbukumbu ya leseni yake, kwa makosa aliyoyatenda ndani ya miaka 2 tangu afaulu mtihani wake wa kwanza wa Uingereza hufutiwa leseni na kurudi kwenye mtihani wa nadharia na wa vitendo. Kinachohesabiwa ni siku ya kosa. Siku ya hukumu haina uzito katika hesabu hiyo. Bi M. alikuwa na miezi 19 tangu afaulu.

La pili ni kuhama nyumba. Mwezi mmoja kabla ya kosa alihama chumba alichokuwa amepanga pamoja na wenzake wawili, akaenda kwenye fleti yake mwenyewe upande wa pili wa mji. Wiki hiyohiyo alibadilisha anwani kwenye leseni yake kupitia mtandao, akaijulisha benki, na akaijulisha kampuni ya bima. Hakubadilisha anwani kwenye kadi ya gari, ile ambayo huko huitwa V5C. Aliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba mamlaka ni moja na kwa hiyo kumbukumbu nayo ni moja. Mamlaka ni moja kweli, DVLA ya Swansea, inayoshughulikia leseni za madereva na usajili wa magari, lakini leseni ina rejesta yake na gari lina rejesta yake, na kubadilisha moja hakuigusi nyingine.

Mfuatano wa matukio

Siku ya kosa, kamera ya pembeni mwa barabara ilipima gari la Bi M. likienda maili 37 kwa saa mahali ambapo kikomo ni maili 30, ambayo ni karibu sawa na ile 50 ya kilomita tuliyoizoea kwenye makazi ya watu huko nyumbani. Hakuona mwanga wowote. Msomaji aliyezoea barabara za Bara atambue tofauti hii: ukipigwa tochi kati ya Chalinze na Morogoro, trafiki atakusimamisha, mtazungumza, na utaondoka ukijua kosa lako na namba ya malipo yake. Kamera ya Uingereza haisemi kitu. Sheria huongea baadaye, kwa posta, na huongea na anwani iliyo kwenye kadi ya gari.

Siku ya 8 polisi walitoa notisi ya kusudio la kushtaki, wakaituma kwa posta ya daraja la kwanza kwenda kwenye nyumba ya zamani. Karatasi hiyohiyo ilibeba pia takwa la pili, chini ya kifungu cha 172 cha Sheria ya Usalama Barabarani ya 1988, la kumtaka mtu aliyesajiliwa kuwa mtunza gari amtaje dereva ndani ya siku 28. Wapangaji waliobaki waliichukua bahasha wakaiweka juu ya kabati la mita ya umeme, mahali ambapo barua za waliohama hurundikana. Hapakuwa na nia mbaya. Wiki ya 6 ulikuja ukumbusho, nao ukawekwa juu ya bahasha ya kwanza.

Mwezi wa 5 ukiwa umepita, ikatolewa hati ya mashtaka ya aina inayosikilizwa na hakimu mmoja kwa karatasi, bila mtu kuitwa mahakamani, utaratibu ulioanzishwa na sheria ya 2015. Ilikuwa na mashtaka mawili: mwendokasi, na kushindwa kumtaja dereva. Mshtakiwa hupewa siku 21 kujibu. Bi M. hakujibu kwa kuwa hakuiona. Mwezi wa 7 hakimu alimtia hatiani kwa kushindwa kumtaja dereva. Shtaka la mwendokasi liliondolewa, maana hapakuwa na ushahidi wa nani alikuwa kwenye usukani. Kipato chake kisipojulikana, mahakama huchukulia kuwa ni pauni 440 kwa wiki, na faini ya kosa hili huanzia kwenye asilimia 150 ya kipato hicho. Hivyo ilitoka faini ya pauni 660, tozo ya waathirika ya asilimia 40 ambayo ni pauni 264, pamoja na gharama za mashtaka. Jumla ikavuka pauni 1,000. Ziliongezwa pointi 6.

Siku 9 baadaye Bi M. alipata barua yake ya kwanza katika jambo hili lote. Ilitoka DVLA, na ilikwenda kwenye anwani sahihi kwa sababu ilifuata rejesta ya leseni. Ilimweleza kwamba leseni yake inafutwa.

Ushauri wa kwanza

Alifanya ambalo wengi wetu tungefanya: aliipiga picha barua na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa mji ule. Majibu yalikuja haraka na kwa uhakika mkubwa. Mmoja aliandika, "Dada, notisi isipokufikia ndani ya siku 14 hiyo kesi imekufa. Wala usijisumbue." Mwingine alisema kosa lina zaidi ya miezi 6, kwa hiyo limepitwa na wakati. Wa tatu alimpigia simu pembeni na kumshauri kwamba shemeji yake, ambaye ana leseni safi ya miaka mingi, aseme kuwa ndiye aliyekuwa akiendesha.

Ushauri wa kwanza na wa pili una chembe ya ukweli ndani yake, na tutaurudia kwenye uchambuzi. Ule wa tatu ni wa hatari kuliko kosa lenyewe. Mwaka 2013 Chris Huhne, aliyekuwa waziri katika serikali ya Uingereza, na Vicky Pryce, aliyekuwa mke wake, walihukumiwa kifungo cha miezi 8 kila mmoja kwa sababu mke alikubali kubeba pointi za mume za mwendokasi wa mwaka 2003. Miaka 10 ilikuwa imepita. Kosa la kuipotosha haki halina kikomo cha miezi 6.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoendesha. Leseni iliyofutwa huacha kufanya kazi kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, na mtu anayeendelea kuendesha hujiingiza katika kosa jipya, na bima yake nayo huwa mashakani. Bi M. alimweleza msimamizi wake ukweli siku hiyohiyo, akabadilishiwa ratiba ili ahudumie wazee wanaofikika kwa miguu. Alipoteza saa za kazi, lakini hakupoteza kazi.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuchagua njia ya kuiondoa hukumu. Njia zilikuwa zaidi ya moja. Angeweza kukata rufaa, au kuiomba mahakama iifungue kesi upya chini ya kifungu cha 142 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1980, jambo ambalo hutegemea hiari ya mahakama. Njia iliyochaguliwa ilikuwa tamko la kisheria, linalotolewa rasmi mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kulipokea, kwamba mshtakiwa hakujua lolote kuhusu hati ya mashtaka wala mwenendo wa kesi hadi baada ya hukumu. Uzuri wake ni kwamba likitolewa kwa wakati hukumu hubatilika yenyewe. Hakimu hapimi kama wewe unastahili au hustahili. Wakati wenyewe ni siku 21 tangu mshtakiwa alipojua, na kwa Bi M. saa hiyo ilianza kwenda alipoifungua barua ya DVLA. Tulimwomba aihifadhi bahasha na kuandika tarehe juu yake. Tamko lilitolewa mbele ya wakili mwenye mamlaka ya kuapisha siku ya 11, na nakala ikapelekwa mahakamani kwa mkono na kwa barua pepe.

Kabla ya kutoa tamko, Bi M. alirudi kwenye nyumba ya zamani. Bahasha zote zilikuwa palepale juu ya kabati la mita, hazijafunguliwa. Hapa nikiri kwamba mmoja wetu alipendekeza ziachwe huko, ili aweze kusema kweli kuwa hajaziona. Tulikataa wazo hilo. Tamko linahusu alichokuwa hakijui kabla ya hukumu, na kuzisoma sasa hakukiharibu. Kinyume chake, bila kuzisoma asingejua ameshtakiwa kwa mangapi, wala notisi ya kwanza ilitolewa lini. Isitoshe, tamko la uongo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kiapo cha Uongo ya 1911, na mtu anayekwepa kwa makusudi kujua jambo yuko karibu sana na mpaka huo.

Uamuzi wa tatu, mgumu kuliko yote, ulihusu namna ya kujibu mashtaka. Tamko huibatilisha hukumu lakini huiacha hati ya mashtaka ikiwa hai, kwa hiyo makosa yote mawili yalirudi mezani. Bi M. aliangalia ratiba yake ya kazi ya siku ya kosa, akaona kwamba saa ile alikuwa njiani kati ya wazee wawili, kwenye barabara ileile. Alikuwa yeye, hilo halikuwa na ubishi. Akikiri kutomtaja dereva atapata pointi 6 na leseni itaondoka tena. Akikana yote mawili, mwendokasi ungeweza kuanguka kwa kukosa ushahidi wa dereva, lakini angelazimika kushinda kwenye kosa la kutomtaja dereva. Akikiri mwendokasi peke yake, kwa sharti kwamba shtaka lile jingine liondolewe, atapata pointi 3 na kubaki na leseni.

Alichagua la tatu. Makubaliano ya namna hii yanafahamika sana katika mahakama hizo, kwa sababu kila upande unapata kitu: upande wa mashtaka unapata hukumu ya kosa la asili ambalo usingeweza kulithibitisha bila mshtakiwa mwenyewe kukiri kuwa ndiye aliyeendesha, na mshtakiwa anaepuka adhabu kubwa zaidi. Hata hivyo si haki ya mtu, ni ombi.

Matokeo

DVLA ilirudisha leseni takriban wiki 3 baada ya mahakama kulipokea tamko. Siku ya kusikilizwa Bi M. alifika mapema, akamwona mwendesha mashtaka kabla ya kesi kuitwa, akamweleza kwa ufupi na kumwonyesha bahasha zisizofunguliwa. Ombi lilikubaliwa. Alikiri mwendokasi, shtaka la kifungu cha 172 likaondolewa, na kwa kuwa hakukosa kulipa faini ya kawaida, ile inayotozwa bila kwenda mahakamani, kwa ukaidi, mahakama ilimpa adhabu inayolingana nayo: pauni 100, tozo ya pauni 40, gharama pauni 90, na pointi 3. Leseni yake ina alama ya SP30, ya mwendokasi, badala ya MS90, ya kutomtaja dereva. Kampuni za bima hazipendi hata moja kati ya hizo, lakini ya pili huziogofya zaidi, maana huwaambia kuwa mteja huyu haijibu sheria.

Alichokikosa ni kikubwa kuliko pauni 230. Kwa mwendo wa maili 35 hadi 42 kwenye kikomo cha 30, polisi kwa kawaida humpa dereva ambaye hajawahi kuhudhuria ndani ya miaka 3 nafasi ya kozi ya elimu ya mwendo, ya saa chache, ambayo humaliza jambo bila hukumu na bila pointi. Kozi hiyo ina muda wake, na ulikuwa umekwisha zamani.

Uchambuzi

Tuanze na siku 14, kwa sababu ndizo kila mtu anazozijua na ndizo zinazoeleweka vibaya kuliko zote. Kifungu cha 1 cha Sheria ya Wakosaji wa Usalama Barabarani ya 1988 kinasema kwamba kwa makosa fulani, yakiwemo mwendokasi, uendeshaji wa hatari, uendeshaji usio na uangalifu na kupuuza taa za barabarani, mtu hawezi kutiwa hatiani isipokuwa alionywa papo hapo kwamba huenda akashtakiwa, au notisi imefikishwa ndani ya siku 14, siku ya kosa isihesabiwe. Notisi hiyo inaweza kwenda kwa dereva au kwa mtunza gari aliyesajiliwa. Sheria huchukulia kuwa imetimizwa mpaka mshtakiwa athibitishe vinginevyo. Ulinzi huu si pambo: katika shauri la Gidden la 2009 Mahakama Kuu iliifuta hukumu ya dereva ambaye notisi yake, iliyotumwa kwa posta ya kawaida ya daraja la kwanza wakati wa mgomo wa posta, ilifika baada ya siku 14.

Kwa nini basi haukumsaidia Bi M.? Kwa sababu swali la sheria ni kama notisi ilifika kwa wakati kwenye anwani ya mwisho inayojulikana, na anwani hiyo aliiacha yeye mwenyewe kwenye kadi ya gari. Notisi ya siku ya 8 ilikuwa na nafasi ya kutosha. Hata kama ingechelewa, kifungu cha 2 kinasema kasoro ya notisi haizuii hukumu pale ambapo mwenendo wa mshtakiwa mwenyewe umechangia. Kijana wa WhatsApp aliyesema kesi imekufa alikuwa akihesabu kutoka siku ya kosa hadi siku Bi M. alipoona barua, ilhali sheria inahesabu hadi siku barua ilipofika mlangoni, mlango wowote ule ulioandikwa kwenye rejesta.

Kuna upotofu mwingine wa siku hizo ambao haukutokea katika kisa hiki lakini ungetokea kama Bi M. angekuwa ameazima gari la mwenzake. Siku 14 humhusu anayepokea notisi ya kwanza, kwa kawaida mtunza gari aliyesajiliwa. Akishakutaja wewe, notisi yako inaweza kuja wiki ya 5 au ya 8 na bado ikawa halali. Wanaoendesha magari ya kukodi na ya kampuni huzitupa barua za namna hii wakidhani zimechelewa. Vilevile zipo njia ambazo hazihitaji notisi kabisa: ajali ikitokea wakati wa kosa, au kosa lenyewe likiwa nje ya orodha, kama kuendesha bila bima au kushika simu ukiendesha.

Miezi 6 nayo ilieleweka nusu. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu kinataka mashtaka yaanzishwe ndani ya miezi 6 tangu kosa litendeke. Kuanzishwa ni kutolewa kwa hati ya mashtaka. Kusikilizwa na hukumu vinaweza kuja baadaye. Hati ya Bi M. ilitoka zikiwa zimebaki wiki chini ya 4 kwa upande wa mwendokasi. Kwa kutomtaja dereva muda ulikuwa mrefu zaidi, kwa kuwa kosa hilo halizaliwi siku ya kamera. Linazaliwa siku 28 zinapokwisha bila jibu.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, uzito wa kisa hiki ulipo. Tunazungumza sana juu ya siku 14 kwa sababu zinambana polisi, na hatuzungumzii siku 28 kwa sababu zinatubana sisi. Mwendokasi wa maili 37 ungemletea Bi M. kozi ya saa chache. Kimya kilimletea pointi 6, faini zaidi ya mara sita ya ile ya mwendokasi, na kufutiwa leseni. Wapo wanaodhani kumlazimisha mtu ajitaje ni kinyume cha haki ya kunyamaza. Hoja hiyo ilifika hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu katika shauri la O'Halloran na Francis, na mwaka 2007 ikakataliwa. Anayepokea karatasi hii hana chaguo la kukaa kimya.

Kilichofanya kazi ni kutunza bahasha na tarehe, kusema ukweli kwa mwajiri, kuchagua tamko la kisheria badala ya ombi la hiari, na kutokimbilia kukana kila kitu. Kilichoshindwa kilishindwa mapema mno, siku ya kubadilisha anwani ya leseni bila kadi ya gari. Kodi ya barabara ilikuwa ikikatwa benki kila mwezi, hivyo hapakuwa na barua ya kawaida ambayo kukosekana kwake kungemshtua. Kutoibadilisha anwani ya kadi ni kosa lenyewe, lenye faini inayoweza kufika pauni 1,000, ingawa hakuna aliyemshtaki kwa hilo.

Limebaki jambo moja ambalo sisi tuliomsaidia hatujakubaliana. Kifungu cha 172 kinamwondolea hatia mtu anayethibitisha kwamba haikuwezekana, kwa kadiri ya busara, kujibu kwa wakati. Mwenzetu mmoja anaona Bi M. angeshinda kwa hoja hiyo na kutoka bila pointi hata moja: mtu aliyebadilisha anwani kwenye leseni, benki na bima ndani ya wiki moja hajifichi. Mimi naona vinginevyo. Katika shauri la Whiteside la 2011 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mtu asiyejua kuwepo kwa barua anaweza kuitumia kinga hiyo, lakini mzigo wa kuithibitisha ni wake, na mwendesha mashtaka angeuliza swali moja tu kuhusu kadi ya gari. Bi M. alizisikiliza pande zote mbili, akatazama ratiba yake ya wiki inayofuata, akasema anataka leseni aliyo na uhakika nayo.